Kamera Iliyomkataa Mwenye Lupango

Betri ya sola ya Yaya, dada yangu mkubwa, iliondoka barazani usiku wa mwezi wa saba, kipindi ambacho mji wetu wa Fungurume, huku Kongo, hulala mapema kwa baridi na mbwa wenyewe hujikunja wasibweke. Nyaya zilikatwa kwa koleo, sawasawa, na mtu aliyeijua kazi yake. Kulipokucha friza ilikuwa imeanza kutoa maji, na samaki ambao Yaya huwauzia majirani ikabidi waondoke siku hiyohiyo kwa bei ya hasara. Nkambo, mzee wetu, alizunguka lupango lote, yaani uwanja wa nyumba, akichunguza nyayo, kisha akasema mwizi huyo anajua tunapolala. Baada ya maneno hayo hakuna aliyepata usingizi mzuri, na ndiyo yaliyoleta kamera nyumbani.

Shemeji, mume wa Yaya, hufanya kazi usiku kwa mkandarasi mmoja wa mgodini, kama wanaume wengi wa mji huu uliofurika watu tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kutoa shaba mwaka 2009. Akiwa zamu, nyumbani tunabaki sisi, watoto na Nkambo. Kwa hiyo alipofungua soko la mtandaoni kwenye simu yake, alikuwa anatafuta mlinzi wa kumwachia familia, na alimtafuta kwa moyo wote.

Ukurasa aliotuonyesha ulikuwa na picha ya nyumba nyeupe yenye majani yaliyokatwa vizuri na gari uwanjani. Juu ya mlango, kamera ndogo yenye paneli yake ya sola. Maelezo yalisema ina akili mnemba: inatofautisha mtu, mnyama na gari, inajifunza nyuso za familia, inamfukuza mgeni kwa king'ora na taa, inaona gizani, na inatumia laini ya simu bila waya wowote. Dola 62. Nyota nne na nusu, na maoni ya wanunuzi kwa maelfu. Yaya alisoma yale machache ya juu, yote ya sifa, akahesabu pesa. Malipo yalipita kwa simu hadi kwa wakala wa Lubumbashi anayekusanya mizigo kutoka Guangzhou, China, nasi tukaanza kungoja.

Mzigo ulifika mwezi wa kumi, joto likiwa kali na vumbi la malori ya barabara kuu, yanayopita kati ya Likasi na Kolwezi, limekaa juu ya kila jani. Kijana wetu wa sekondari ndiye aliyepanda ngazi kuifunga kamera. Programu ikaomba nyuso, tukapanga mstari barazani: Yaya, Shemeji, Nkambo na kofia yake ya sufu, watoto mmoja mmoja. Kila uso ukaandikiwa jina. Jioni ile tulikula bukari na sombe tukiwa na amani ambayo nyumba ilikuwa imeisahau tangu mwezi wa saba.

Alfajiri king'ora kikalia. Taa nyeupe ikamulika lango lote, sauti ya kike ikasema kitu kwa Kiingereza, na watoto wakaruka kitandani. Aliyekuwa langoni ni Shemeji, katoka zamu, amesimama na kofia ya kazi mkononi kama mtu aliyekamatwa. Akapaza sauti: “Mi hapana mwizi! Niko mwenye nyumba!” Nkambo akamjibu kutoka ndani ataje jina la mama yake kwanza.

Tuliangalia picha iliyorekodiwa, na ilieleza yote. Kamera huona gizani kwa kumwaga mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kisha kupokea ule unaorudi. Koti la mgodini lina mikanda inayorudisha mwanga, na imeshonwa hivyo makusudi ili dereva wa lori kubwa amwone mfanyakazi kutoka mbali. Kwenye picha, Shemeji alikuwa mikanda miwili myeupe inayowaka, na pale juu, penye uso, giza tupu. Mji mzima wa wanaume huvaa koti hilo. Aliyepiga picha za matangazo hakuwahi kumfikiria mtu anayerudi nyumbani saa kumi na moja alfajiri akiwa amevaa mwanga.

Hilo lilirekebishika: Shemeji akawa analivua koti barabarani kabla ya kufika langoni, jambo la kusikitisha kwa mtu aliyechoka. Lililotutia hofu ni jingine. Kamera ilikuwa imekatazwa kupiga kelele kwa nyuso za familia, na siku moja mchana mwanamke tusiyemjua aliingia hadi barazani, akabisha hodi mara mbili, akakuta hakuna mtu, akatoka. Simu ikaandika kwamba Yaya amerudi nyumbani. Wakati huo Yaya alikuwa nami sokoni, simu iko mkononi mwake. Tukaanza kufuatilia. Jirani wa upande wa pili, akiwa amefunga kitambaa kichwani, naye akawa Yaya. Na muuza makaa naye pia.

Hapa sitaki tucheke tu. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso. Kosa la kumdhania mtu kuwa mwingine lilikuwa kubwa zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa za watu wa Ulaya Mashariki. Baadhi ya programu zilizotengenezwa China hazikuwa na kasoro hiyo kwa nyuso za Asia Mashariki, jambo linaloashiria kwamba mashine huwajua vizuri zaidi wale iliofundishwa kwa picha zao. Mwaka mmoja kabla, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, walikuwa wamepima programu za kampuni tatu zinazokisia jinsia kwa kutazama uso, wakitumia picha za wabunge, wakiwamo wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu hapo, lakini muuzaji wa kamera ya dola 62 haandiki popote ni programu ipi ameweka ndani, wala ilijaribiwa kwa nyuso za nani. Yaya aliposikia hayo alinyamaza, kisha akasema hataki tena jina lake liwe ufunguo wa kila mwanamke mwenye kitambaa.

Mvua za kwanza zilipofika mwezi wa kumi na moja, kumbikumbi wakatoka ardhini. Kwetu hilo ni neema. Usiku ule wadudu walifuata mwanga, kamera ikawaona wanapita mbele ya kioo chake, wakubwa kama ndege, ikawasha taa yake nyeupe. Taa ikawaita wengine. Wengine wakaiwasha tena. Nkambo alitoka na beseni la maji, watoto wakafuata na sufuria, majirani wakaingia bila hodi, na kwa saa nzima lupango letu likawa mahali penye mavuno mengi kuliko kote mtaani. Simu ya Shemeji, aliyekuwa zamu, ilipokea arifa baada ya arifa kwamba mtu ameonekana, kila moja na kipande chake cha video, hadi intaneti ya mwezi mzima ikaisha. Alipiga kwa laini ya mwenzake akihema, akiuliza tuko hai. Tulikuwa hai, tunakaanga kumbikumbi kwa chumvi.

Kisha akili yenyewe ikaondoka. Programu ilitangaza kwamba muda wa kujaribu umekwisha, na kwamba kutambua watu kutaendelea kwa malipo ya kila mwezi, kwa kadi ya benki. Nyumbani hakuna mwenye kadi hiyo. Tangu siku ile kamera ikawa inapigia kelele jani la mgomba sawa na mwizi. Ndipo tulipoelewa kwamba kifaa tulichokipandisha kwa ngazi hakikuwa na akili ndani yake. Kilikuwa jicho na laini ya simu. Picha zilisafiri hadi kwenye seva za mbali, huko ndiko zilikokuwa zikitazamwa na kupewa jina, na huko ndiko kulikokuwa kukidaiwa kodi.

Nkambo ndiye aliyeuliza swali lililopaswa kutangulia yote: kama picha zinakwenda mbali, nani anaziona? Kwani kamera ilitazama lango, na upande wake wa kushoto, ukichungulia, kuna kibanda cha kuogea kisicho na paa. Swali lake lina sababu. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya kamera, Ring, ikisema wafanyakazi waliachiwa kutazama video za faragha za wateja, na kwamba mmoja wao alitazama maelfu ya video za wanawake zilizochukuliwa vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Ikiwa hayo yametokea kwa kampuni yenye jina na anwani, muuzaji asiye na jina la kueleweka tutamuuliza wapi? Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa data za watu, nami nafurahi kwamba ipo. Ila kutoka Fungurume hadi kwa mwenye duka wa Shenzhen, huko China, ni njia ndefu. Kamera ikashushwa siku hiyohiyo, kwa amri ya Nkambo.

Yaya hakukata tamaa, na kwa hilo namheshimu sana. Aliketi nami jioni kadhaa tukaurudia ukurasa uleule, safari hii tukianzia chini. Maoni mengi ya nyota tano yalihusu taa ya bustani: muuzaji alikuwa amechukua ukurasa wa bidhaa ya zamani, akabadilisha picha, akabaki na nyota zake. Ujanja huo unajulikana. Mnamo Februari 2023 FTC hiyohiyo iliitoza kampuni ya vitamini, Bountiful, dola 600,000 kwa kuunganisha bidhaa mpya na zile zenye sifa huko Amazon. Kwenye nyota mbili na moja ndiko tulikowakuta watu waliokwisha kupata tuliyoyapata: mtu mmoja analalamikia malipo ya mwezi, mwingine wadudu, mwingine anasema laini ya nchi yake haikushika kwa sababu kamera ilitengenezewa masafa ya nchi nyingine. Yote yalikuwa pale tangu mwanzo, chini kabisa, kwa maneno ya watu wasiouza chochote.

Akawaandikia wauzaji watano kabla ya kutoa hata faranga. Ukizima intaneti, bado inamtofautisha mtu na mbuzi? Video inakaa kwenye kadi ndani ya kamera, au kwenu? Baada ya mwezi wa kwanza nalipa nini? Nitumie video ya usiku, mtu akiwa amevaa koti la kazi lenye mikanda. Watatu hawakujibu. Mmoja alituma tena picha ya nyumba nyeupe. Wa tano alivaa koti mwenyewe, akajirekodi akitembea kwenye ghala lenye giza, na uso haukuonekana. Akasema wazi kwamba kamera yake haijui nyuso na kwamba anaiuza kwa kadi ya kumbukumbu tu. Yaya akanunua kwake. Pesa iliyobaki akampelekea fundi wa kuchomelea, akatengenezewa kizimba cha chuma cha betri mpya chenye kufuli mbili.

Juzi jirani amekuja na simu, ameona mashine ya akili mnemba inayofundisha watoto hesabu na Kifaransa, anataka Yaya amsaidie kuagiza kabla punguzo halijaisha usiku. Yaya akamvutia kiti, akaichukua ile simu, akateremka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa. “Bei itangoja,” akasema. “Tuanze na hawa waliolia.”