Fuko na Kamati ya Harusi

Shangazi yangu hunitumia waridi kila alfajiri. Si la kunusa. Ni picha yenye maandishi ya dhahabu, "Asubuhi njema". Waridi hilohilo hunifikia kupitia kundi la ukoo, kundi la mchango wa paa la babu, na kundi la msiba wa babu huyohuyo, ambalo mpaka leo hakuna aliyethubutu kulifunga. Kisha kuna kamati ya harusi ya kijana nisiyemjua hata kwa sura. Niliingizwa usiku, kulipokucha nilikuwa nimeshapangiwa mchango.

Katika zahama hiyo nikasikia habari za Laozi, mhenga wa Uchina ya kale. Yasemekana alipochoshwa na mambo ya watawala alipanda nyati, akaelekea magharibi, na mlinzi wa mpakani akakataa kumpitisha mpaka aandike anachokijua. Akaandika: sura 81, kama herufi 5,000 za Kichina kwa jumla. (Mweka hazina wa kamati yetu huzipita hizo kabla ya chai ya saa nne.) Humo anasisitiza kwamba hakuna balaa kubwa kuliko kutojua kutosheka. Nikaona huyu ndiye tabibu wangu. Nikabonyeza nikipakue kitabu.

Simu ikajibu: nafasi haitoshi.

Nikaipeleka Kariakoo. Fundi aliibonyezabonyeza, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, haijaharibika. Imeshiba."

Nilifurahi mno, kwa sababu nilikuwa nimesoma pia kidogo juu ya Zhuangzi, mhenga mwingine wa huko, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo. Nikamweleza fundi, mbele ya foleni nzima, kisa kilichomo katika kitabu chake: fuko akienda kunywa mtoni, mto uwe mkubwa kiasi gani, hunywa tumbo lake likijaa, basi. Hana haja na maji yaliyobaki.

Fundi akapuliza vumbi kwenye tundu la chaji. "Huyo fuko yumo kwenye kamati ya harusi?"

"Hayumo."

"Ndiyo maana."

Akanitolea memori kadi ya GB 128. Nikamwomba ya 64, angalau Laozi asinione mlafi. Akasema hii imezidi elfu tano tu.

Nikalipa.