Milima ya Chuma

Injini za mvuke za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki zilikuwa 34, zote zimeundwa na Beyer, Peacock wa Manchester miaka ya 1950, kila moja ikiwa na tani 250 hivi. Wakubwa wakazipa majina ya milima. Iliyoitwa Mlima Kenya, fahari ya noti na nembo, ikaishia chuma chakavu. Zimesalia mbili tu: Gelai na Shengena, milima ambayo hata mwalimu wa jiografia angeomba kwanza ramani. Ziko Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, jua lao, mvua yao. Wageni wanapiga picha na kuondoka. Ndugu zetu Wapare, Shengena ni mlima wenu: leteni kopo la rangi. Bei tutapatana.