Basi la Baba Watoto Lilivyokwama Ujerumani

Mbalamwezi ikitanda ziwani, muuza dagaa hana kazi. Dagaa wetu huvuliwa gizani kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukipevuka taa haiwababaishi tena, wavuvi wanapandisha mitumbwi na kukaa kushona nyavu. Pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, magunia yanapungua, wanunuzi wa Kongo wanapiga simu kuuliza lini, nami narudi nyumbani mchana kweupe. Hapo ndipo ninapoyakuta ya nyumbani kwangu, ambayo siku za giza hunipita.

Mbalamwezi ya likizo ya Desemba nilikuta bando langu la mwezi mzima limekwisha kwa usiku mmoja.

Nina kilaptopu cha mtumba nilichonunua kwa ajili ya daftari la madeni. Watoto wanakiita Kauzu, kwa sababu ni kidogo, kikavu na hakimwogopi mtu. Makubaliano yalikuwa mchana kiwe changu, usiku kiwe cha kifungua mimba wetu, yuko kidato cha tatu, kwa ajili ya kujisomea. Nilipomuuliza bando limesoma somo gani, akaangalia dari. Baba yake naye akaangalia dari. Wanaume wawili wakiangalia dari moja, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa basi.

Mume wangu alikuwa suka wa masafa. Aliendesha Mwanza–Dar tangu enzi ambazo barabara ya kati haikuwa ya kutegemea, basi za Dar zikipitia Sirari, zinaingia Nairobi, zinatokea Namanga, ndipo zishuke. Baadaye lami ilipoungana akawa anapita Shinyanga, Nzega, anaupanda mlima Sekenke usiku ukimwelemea, maana miaka hiyo basi za abiria zilikatazwa kukesha barabarani. Mgongo ulipogoma akastaafu. Serikali iliporuhusu tena safari za usiku, Oktoba 2023, alizima redio akaenda kulala. Alichobakiza cha kazi yake ni kofia, na picha moja ya basi ukutani, ubavu mweupe wenye mistari miwili ya bluu.

Kijana alikuwa anamtafutia basi hilo kwenye michezo ya kuendesha, kwa siri.

Alianzia kwenye simu, na Bus Simulator Indonesia, mchezo uliotolewa 2017 na Maleo ya huko huko Indonesia. Wale jamaa waliacha mlango wazi: ukiwa na faili yenye mkia wa bussidvehicle unaliingiza basi lako gereji na kuondoka nalo. Vijana wa huku hawakungoja kuambiwa mara mbili, na mabasi ya Tanzania yakaanza kukata kona za Java. Kisha mjomba wake aliye Dar akamnunulia mchezo mkubwa zaidi, Euro Truck Simulator 2 wa SCS Software, kampuni ya Prague, ambao upo tangu 2012. Huo ni wa malori ya Ulaya. Basi la kuendesha ndani yake wakati ule hukulipata mpaka upachike modi.

Modi, alinieleza kwa sauti ya mwalimu wa zamu, ni faili anayoitengeneza mtu baki nyumbani kwake ili kuubadilisha mchezo: gari jipya, barabara, honi, hata mvua. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea. Hiace inashuka kutoka Japani na adabu zake. Ikifika huku inaongezwa siti, inafungwa spika, inaandikwa maneno ya majivuno kioo cha nyuma, na ndiyo daladala ya Igoma. Mwanza tumekuwa tukipachika modi tangu sijazaliwa.

Akanionyesha. Ndani ya nyaraka zangu kulikuwa na folda ya mchezo, na ndani yake folda iitwayo mod. Faili zenye mkia wa scs anazitupia humo. Ukifungua mchezo, kabla hujaingia kwenye safari yako, unakutana na meneja wa modi: kushoto zimepangwa zile ulizonazo, kulia zile ulizoziamuru zifanye kazi. Unazihamisha, kisha unazipanga juu na chini. Modi mbili zikigombea kitu kimoja, tuseme zote zimekuja na honi, iliyo juu ndiyo inayosikika. Meneja hapatanishi. Anamsikiliza wa juu, basi.

“Kama hapa,” alisema mama mkwe kutoka kwenye mkeka, bila kuinua macho kwenye mchele anaoupeta.

Alikuwa amekuja kutoka Sengerema kwa likizo. Tangu lifunguliwe daraja la Kigongo–Busisi Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekufa, naye anakuja anapojisikia. Sikumjibu. Mama mkwe hajibiwi akiwa na ungo mkononi.

Modi zilikuwa 41. Basi, rangi ya basi, honi, stendi, abiria, sauti ya injini, na takataka nyingine ambazo hata mwenyewe alikuwa amesahau zinafanya nini. Kwenye modi ile abiria walihesabiwa kama mzigo, kwa hiyo baba watoto alikuwa amepakia abiria wake Berlin kwa karatasi za mizigo na kuwapeleka Hamburg. Usukani ulikuwa kulia, kama wetu. Barabara za Ujerumani zinakwenda kulia. Kwa wiki mbili mzee huyu aliendesha akiwa upande wa mtaro, akiinamisha shingo kuchungulia kama anaweza kuovateki, na kila mara akiamua hapana. Kijana alisema hajawahi kuona mtu anacheza mchezo kwa heshima kiasi hicho. Taa nyekundu anasimama. Kamera ya mwendo akiiona anasema, “Tochi hiyo,” na kuondoa mguu.

Usiku ule wa bando mchezo ulijisasisha wenyewe. Asubuhi mtu na baba yake walipoufungua, basi la mistari ya bluu lilionekana nusu dakika, likaganda, kisha Kauzu akawarudisha kwenye picha ya sato niliyoiweka mezani pake. Wakajaribu tena: sato. Wakajaribu mara saba. Ndipo kwa hasira wakafuta modi mbili walizozishuku, moja ikiwa ya barabara ambayo basi lenyewe lilikuwa limesimama juu yake, na mambo yakawa mabaya zaidi.

Ningeweza kuwaacha. Ila nimelelewa Mwaloni, na hesabu ikikataa mbele yangu sipati usingizi. Nikasema, “Leteni hapa.”

Kwanza nikadai ushahidi. Kijana akafungua faili iitwayo game.log.txt, ambamo mchezo unaandika kila unachofanya mpaka unapokata roho. Ni ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikaisoma kuanzia chini kwenda juu, kama ninavyosoma ukurasa wa mdaiwa: cha mwisho kwanza. Palipojaa maneno ya makosa jina la basi letu lilijirudia, lakini na la honi lilikuwepo, na la stendi. Washitakiwa watatu, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Nikawaambia sasa tunafanya kama magunia. Ukipokea rundo kutoka mialo minne tofauti halafu kuna harufu ya unyevu, hufungui gunia moja moja mpaka jua lizame. Unaligawa rundo mara mbili, unanusa. Upande unaonuka unaugawa tena. Kwa magunia 39 hufiki mara ya saba hujamshika. Kijana akataka tuingie moja kwa moja kwenye safari ya baba, nikakataa. Tukanakili safari ile pembeni kwanza, tukafungua dereva mpya asiye na mali wala historia, akawa ndiye wa kufa kwa niaba ya wengine.

Zilibaki modi 39. Modi 19 za juu: mchezo ukafunguka. Zile 20: sato. Tukagawa. Umeme ukakatika, ukarudi. Tukagawa tena. Mama mkwe akauliza kwa nini hatupandi basi la kweli pale Nyegezi, nauli si ipo? Mume wangu akamwambia, “Mama, hili halina konda,” naye akaonekana kuridhika na jibu hilo kuliko mimi.

Raundi ya sita alibaki mmoja. Alikuwa basi lenyewe. Aliyelitengeneza alilipima kwa toleo la nyuma la mchezo. Mchezo ukaenda mbele, basi likabaki stendi. Na kumbe meneja alikuwa ameliwekea alama ya onyo tangu asubuhi, ndogo, pembeni ya jina. Saa tatu tumepiga ramli mbele ya mtu aliyekwisha kusema. Kijana alisema aliiona, ila alidhani ni pambo.

Dawa zilikuwa mbili: kungoja fundi wa basi alitengeneze upya, au kuurudisha mchezo kwenye toleo la zamani, maana waliouunda wameacha nafasi ya kufanya hivyo. Ya pili ilihitaji bando. Nikanunua. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeitazama ile picha ukutani.

Ila kabla ya kupakua nilitaka kuhamisha madeni yangu mahali salama. Nikatafuta faili. Haipo. Nikatafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa sala. Tukaikuta ndani ya folda ya mod, katikati ya honi na matairi. Niliiweka mwenyewe: siku moja nilikuta folda hiyo imeachwa wazi, nikabonyeza hifadhi nikaondoka zangu sokoni. Meneja hakuwahi kuigusa, kwa kuwa haikuwa ya aina yake. Nikashusha pumzi.

Kijana hakushusha.

“Mama,” alisema, “ile folda niliwapa wenzangu.”

“Wangapi?”

“Kwa fleshi moja tu.” Akameza mate. “Ila ile fleshi ilizunguka.”

Naomba mnielewe. Daftari lile lina majina kamili, namba za simu na kiasi, na safu ya mwisho nimeandika maoni kwa ajili yangu mwenyewe. Kuna mtu nimemwandikia “mwongo wa kanisani”. Kuna mwingine “asipewe hata kisado”. Hayo yote yalikuwa yametoka Kirumba, yakapanda Kitangiri, yakavuka mpaka Nyakato, mfukoni mwa vijana waliokuwa wanatafuta basi.

Siku mbili nilijifungia. Ya tatu, jioni, hodi ilipigwa na jirani wa mtaa wa nyuma, mchuuzi wa rejareja, ambaye tangu Agosti alikuwa akiniona anavuka barabara. Alisimama mlangoni bila kukaribia.

“Jirani, mwanangu amefungua kompyuta kutafuta gari, akanikuta mimi.”

Nilimkaribisha, nikamwambia kwa kweli sina la kujitetea. Akafungua fundo la kanga, akahesabu shilingi 85,000 mezani, noti moja moja, akizinyoosha. Kisha akauliza, “Hapo mwisho umeniandika ‘ana roho nzuri ila mzito’. Mzito wa nini?”

“Wa kulipa.”

Akacheka mpaka akakaa. Wiki hiyo walikuja wengine wanne. Mmoja alilipa yote na kutangaza kwamba hatanunua tena kwangu mpaka kiama; alirudi Jumamosi. Yule wa kanisani hajaja, lakini mkewe alituma nusu kwa simu na ujumbe mrefu ambao sitauandika hapa. Miaka minne ya kupiga simu na kubembeleza haijawahi kunikusanyia fedha kama ile fleshi. Daftari nimelihamisha na kulifungia kwa neno la siri. Kijana aliniuliza, kwa upole tu, kama hatungeliacha lizunguke mwezi mmoja zaidi, na ninakiri niliwaza kidogo kabla ya kumfukuza.

Mwezi ulipokonda dagaa wakarudi, nami nikarudi Mwaloni. Usiku mmoja lori la mzigo lilichelewa, nikaingia nyumbani saa saba. Sebuleni taa imezimwa, Kauzu anawaka. Mume wangu amekaa na kofia yake kichwani, mama yake mkekani pembeni. Basi la mistari ya bluu lilikuwa limesimama kando ya msitu mahali fulani Ujerumani, injini inanguruma, taa za hatari zinawaka na kuzima.

“Limekwama tena?” niliuliza.

“Hapana,” alisema bila kugeuka. “Abiria wanachimba dawa.”

“Wape muda,” alisema mama mkwe. “Kuna wazee humo.”