Sarafu Iliyogongwa Mara Mbili

Muhuri wa pili ni alama ndogo iliyogongwa juu ya sarafu ambayo tayari imeshatengenezwa, imeshatumika na mara nyingi imeshachakaa. Huweza kuwa herufi mbili tatu, kichwa cha mtawala, nanga, nyota au mnyama. Kazi yenyewe haikuwa na madoido: sarafu ililazwa juu ya fuawe, chuma chenye alama kikasimamishwa juu yake, nyundo ikashuka. Kwa kuwa shaba iliyo kati ya nyundo na fuawe haina pa kukimbilia, upande wa chini nao ulisawazika pale pale. Ndiyo maana kila sarafu ya namna hii ina jeraha upande mmoja na kovu upande wa pili. Mkusanyaji wa kawaida akiiona huirudisha mezani. Mkusanyaji wa mihuri ya pili huuliza bei.

Sababu za kuigonga pesa upya zilikuwa chache: kuiruhusu pesa ya kigeni itumike, kubadili thamani yake, kuirefushia maisha iliyosagika, au kutangaza nani ameshika hatamu. Baada ya Warumi kuiangusha Yerusalemu mwaka 70, Lejioni ya 10 Fretensis iliachwa kulinda mji. Jeshi hilo liligonga herufi LXF, merikebu au nguruwe mwitu kwenye sarafu za shaba, tena katika nchi ambayo sheria ya wenyeji wake inamharamisha mnyama huyo. Nyingi zilikuwa zimelika hadi sura ya mtawala na jina la mji vimefutika, akabaki nguruwe peke yake uwanjani.

Mihuri mingine ilikuwa ya siasa. Herufi SPQR, yaani Seneti na Watu wa Roma, zilizogongwa kwenye sarafu za Kaisari Nero huhusishwa na uasi wa gavana Vindex dhidi yake huko Gallia mwaka 68. Nyundo iliangukia usoni au shingoni mwa Kaisari. Nero mwenyewe alikuwa mbali, basi waasi wakaanza na yule waliyekuwa naye mfukoni. Naye Varus, gavana wa Germania tangu mwaka 7, jina lake lilifupishwa kuwa VAR na kugongwa kwenye pesa za askari. Mwaka 9 aliangamia pamoja na lejioni tatu. Sarafu zenye VAR zilizofukuliwa Kalkriese, Ujerumani, ni miongoni mwa ushahidi uliowawezesha wanaakiolojia kulihusisha eneo hilo na maangamizi yale, kwa kuwa hazingeweza kudondoshwa hapo kabla Varus hajafika Germania.

Karne ya 5 ilipokuwa ikielekea ukingoni, sarafu kubwa za shaba zenye umri wa miaka 400 hivi zilirudi sokoni zikiwa zimechongwa kwa patasi namba XLII au LXXXIII, yaani 42 na 83. Mzee aliyestaafu aliitwa tena kazini na kupangiwa mshahara mpya. Desturi hiyo haikufa na Roma. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa fedha, ilichukua reale za Hispania, zile ambazo pwani ya Afrika Mashariki ziliitwa reale za mzinga kwa ajili ya nguzo mbili zilizochorwa nyuma yake, zilizoonekana kama mizinga, ikagonga kichwa kidogo cha mfalme George III kwenye shingo ya mfalme wa Hispania. Zilipewa thamani ya shilingi 4 na peni 9. Sarafu ya Kiingereza iliyoitwa taji ilikuwa shilingi 5, na watu wakatania kwamba vichwa viwili vya wafalme havikufikia taji moja. Wahalifu hawakuchelewa kuuiga muhuri huo, na mwaka 1804 ukabadilishwa kwa mwingine wenye pembe nane.

Misukosuko ya mkusanyaji huanza sokoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, naye kazi yake ni kukifukuzia kile kibaya bila kugundulika. Muuzaji asiyeujua muhuri huitoa sarafu kwa bei ya kutupa. Anayeujua huitaja bei mara tatu. Kwa hiyo mkusanyaji huficha furaha yake kwa kunung'unika: sarafu imebonyea, imeharibiwa, nani ataitaka? Akinung'unika kwa ustadi kupita kiasi, muuzaji huingiwa na huruma, huirudisha ile sarafu sandukuni na kumpa nyingine safi isiyo na alama yoyote, kwa bei ile ile. Adabu humzuia kukataa. Hurudi nyumbani na sarafu nzuri, amenuna.

Msukosuko wa pili ni usafi. Kutu ya kijani iliyotulia juu ya shaba ya kale ni ngozi yake: huilinda na huonyesha umri. Njia ya salama ni kuiloweka kwenye maji yaliyochujwa chumvi zote, kuyabadilisha mara kwa mara, na kungoja kwa wiki au miezi. Njia ya haraka ni limau. Sarafu iliyostahimili miaka 1,900 ardhini humalizwa na nusu ya limau kwa usiku mmoja, na asubuhi huwa inang'aa kama kitasa cha mlango, haina kutu, haina muhuri.

Msukosuko wa tatu ni kusoma. Aliyegonga hakujali juu ni wapi, hivyo herufi huweza kulala ubavu au kusimama kichwa chini, na V ya Kirumi ikigeuzwa ni Λ ya Kigiriki. Taa huwekwa pembeni, si juu, ili kivuli kiingie kwenye mikunjo, kisha sarafu huzungushwa taratibu chini ya lenzi. Usiku wa kwanza alama ni pomboo. Usiku wa pili ni nanga, na sura nzima ya daftari huandikwa kuhusu mabaharia. Usiku wa tatu mtoto wa darasa la pili, akipita kwenda kunywa maji, husema ni R iliyolala. Kwa mihuri ya miji ya Kigiriki iliyokuwa chini ya Roma, msaada mkubwa ni orodha aliyoichapisha Christopher Howgego mwaka 1985. Orodha hiyo haina mkwaruzo wa jembe, ambao ndio muhuri unaopatikana kwa wingi kuliko yote.

Wa nne ni muhuri bandia uliogongwa juzi juu ya sarafu halali ya kale. Kwanza igeuzwe: kama nyuma ya alama hakuna palipobapa, kuna jambo. Kisha itazamwe kutu: iliyo ndani ya alama ilingane na iliyo nje, kwa sababu nyundo ya juzi huivunja kutu ya zamani na kuacha shaba mbichi. Vipimo hivi ni vya macho. Mwenye shaka sugu huongeza cha sindano, hukwaruza kidogo, na shaba mbichi hujitokeza. Hapo huwa amethibitisha kwamba sarafu imekwaruzwa.

Wa mwisho ni wa nyumbani. Kipande cha shaba cheusi, kilicholika na kubonyea katikati hakimwambii mtu mwingine kwamba ni hazina. Sarafu iliyotafutwa siku nne huonekana chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na meza haiyumbi tena. Aliyeiweka pale ameongeza sababu ya tano ya kuitumia pesa iliyochakaa, wala haelewi anatakiwa aombe radhi ya nini.

Kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari, kila sarafu huwekwa kwenye bahasha yake pamoja na kikaratasi kinachotaja uzito, kipenyo, mahali iliponunuliwa na kilichomo katika kila upande. Kikaratasi cha sarafu ya Lejioni ya 10 huandikwa kwa dakika moja. Mbele: pamefutika. Nyuma: pamefutika. Muhuri: nguruwe, anatazama kulia.