Peugeot ya Marehemu na Masikio ya Mama Mkwe

Wenzangu wenye magari ya kabureta mtanielewa. Injini ya namna hiyo haina kompyuta. Sailensi yake, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, huamuliwa na skrubu mbili, moja ya kasi na nyingine ya mchanganyiko wa hewa na petroli, pamoja na masikio ya anayesikiliza. Kwetu Tanga masikio hayo ni ya mama mkwe.

Gari yenyewe ni Peugeot 504 aliyotuachia marehemu baba mkwe, mzee ambaye hakuchoka kutukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Mama mkwe, ambaye akiwa mbali tunamwita Inspekta, hajawahi kushika usukani, lakini kwa miaka yote aliyokaa kiti cha mbele ameijua sauti ya ile injini kutushinda sote.

Harusi ya Lushoto ilipokaribia, gari ikaanza kuzimika kila nikiachia pedeli ya mafuta. Mke wangu, Mama Zuhura, akasema Ijumaa tunaondoka, na Mama Zuhura akishapanga safari hakuna wa kuipangua. Nikaifungua kabureta barazani. Shemeji yangu, Bwana Nadharia, mwenye jibu la kila ugonjwa wa gari na shati lisiloingia doa, akaja na sindano ya cherehani ili azibue jeti. Hapo nilikuwa mkali! Jeti ni ya shaba laini. Ukiichokonoa kwa chuma tundu hupanuka, na gari itakunywa petroli bila kushiba. Husafishwa kwa petroli, kisha hupulizwa. Pampu ya baiskeli ilikuwa ya mwanangu Mgambo, akadai kodi kwanza, akalipwa.

Mara jeti ndogo haionekani. Tukakung'uta mkeka, tukapekua hadi unga. Kumbe kitinda mimba wetu, Kiberenge, kaivisha mwanasesere wake hereni. Kuikomboa kuligharimu ubuyu na kilio kilichosikika mtaa wa pili.

Kuiseti sailensi kunataka utulivu. Injini ipate moto kwanza, choki isiwe imevutwa. Unakaza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini isitesite, kisha unailegeza mpaka izunguke kwa wepesi, ndipo unashusha kasi.

"Bado, baba Zuhura, inakohoa," Inspekta akasema chini ya mwembe. Nikalegeza. "Sasa umeizidishia." Mkwe habishiwi. Jikoni blenda ikaunguruma, akaamuru izimwe. Bwana Nadharia naye akanyamazishwa. Mama akafumba macho, mimi nikigusa skrubu kidogo kidogo, hadi akasema, "Hapo hapo."

Kesho yake, baada ya kwenda Pongwe na kurudi, nilichomoa plagi. Zilikuwa za kahawia hafifu, hazina masizi ya petroli iliyozidi wala weupe wa petroli iliyopungua. Mama alikuwa amepatia.

Basi tukapanda kutoka Mombo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani, lakini skrubu bado ilikuwa pale tulipoiweka Tanga. Mlangoni kwa shangazi gari ikatetemeka na kunuka petroli. Bwana Nadharia akaanza kueleza habari za giaboksi. Inspekta akajifunga kanga vizuri, akasema, "Punguza petroli. Marehemu alifanya hivyo kila tulipokuja huku." Nikakaza robo mzunguko, injini ikatulia. Mama Zuhura akamtangazia kila mgeni kwamba fundi ni mama yake, na ni kweli tupu.

Ndugu msomaji, ukipanda Lushoto na gari ya kabureta, beba bisibisi na ukumbuke umekaza kiasi gani. Ukishuka pwani, legeza kiasi kilekile, la sivyo itakuzimikia kila utakaposimama.