Namba Kumi wa Baba Mkwe

Ligi haijaanza. Nyasi za viwanja vingine bado zinaliwa na ng'ombe, lakini kwa kinyozi wangu hapa Migori watu wamekwisha kukauka koo wakibishana nani atakuwa namba kumi bora wa msimu ambao haujachezwa hata dakika moja. Mimi nilikwenda kunyolewa. Nilirudi nyumbani na nywele zangu zote, pamoja na deni la soda mbili.

Kinyozi huyu ana kipande cha katoni alichokipigilia msumari kando ya kioo. Juu yake ameandika majina ya viungo kumi, na kila siku anayafuta na kuyapanga upya. Ukikalia kiti chake, sharti kwanza utoe msimamo ndipo mashine iwashwe. Wachezaji wanapanda na kushuka pale bila kugusa mpira. Kijana mmoja Jumatatu alikuwa wa tatu, Jumatano akawa wa saba. Nikauliza amekosa nini. Nikaambiwa ameonekana kwenye picha, mashavu yamejaa.

Binamu yangu aliyeko Marekani aliponisikia nikilalamika alicheka. Huko wana mpira wao wa kubeba mkononi, na kila timu ina bwana mmoja anayeitwa kwotabeki. Kazi yake ni kuwarushia wenzake mpira, na kulaumiwa. Timu ziko 32, basi kabla ya msimu hao mabwana hupangwa kuanzia wa kwanza hadi wa 32, kama darasa linalopewa ripoti kabla ya mtihani. Nilimwonea huruma huyo wa 32. Mtu ana mke na watoto, anaamka asubuhi anasikia ameshika mkia, na hata viatu hajafunga.

Msimamo wangu ulikuwa mwepesi: Austin Odhiambo wa Gor Mahia. Tarehe 3 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, si yeye aliyefunga lile bao pekee Kenya ilipoishinda DR Kongo pale uwanja wa Kasarani? Kinyozi akasema CHAN si ligi. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu akasema bingwa wa ligi wa msimu wa 2024-25 ni Kenya Police, kwa hiyo namba kumi bora hana budi kutoka kwa bingwa. Mwingine, ambaye mpaka leo hajakubali kwamba Francis Kahata aliondoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2019, alisema atampigia Kahata kura hadi arudi. Nikabishana, tukawekeana dau la soda, stima ikapotea. Hivyo ndivyo nilivyobaki na nywele.

Jumamosi nilikuwa na safari ya ukweni, Ndhiwa, kule Kaunti ya Homa Bay. Matatu ilipofika Awendo niligeuza uso kuelekea uwanjani, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mchumba wa zamani. Sony Sugar, timu ya wakata miwa, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Msimu wa 2019-2020 iliondolewa ligini kwa kukosa kufika mechi tatu. Haikufa kwa mabao. Ilikosa kufika tu, pesa zilipokauka. Katoni zote za vinyozi wa Migori zilikuwa zimepanga nani atang'aa msimu ule, na hakuna hata moja iliyouliza kama timu itapata nauli.

Ukweni nilimkuta shemeji ana orodha yake, kwenye simu. Kichwa chake ni kigumu kuliko cha kinyozi, na ana sababu. Gor Mahia mwenyewe, yule mganga ambaye masimulizi yanasema aliweza kujigeuza apendavyo mbele ya adui, alikuwa mtu wa Kanyamwa, hapo hapo Ndhiwa. Kwa hiyo, asema shemeji, watu wa Migori mnaruhusiwa kushangilia Gor Mahia, lakini kupanga wachezaji wake ni kazi ya wenye mji.

Hapo uvumilivu ulinishinda. Nikamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba wenye mji walichukua ubingwa mwaka 1995 kisha hawakuuona tena hadi 2013, na kwamba katikati ya kiangazi hicho watu wa miwa walijichukulia kombe lao bila mganga. Jikoni kukawa kimya. Mama mkwe akakohoa. Ukweni hukohoi hivyo kwa sababu ya moshi.

Baba mkwe, ambaye nilidhani amesinzia, akavua miwani. "Namba kumi ni Thigo."

Allan Thigo, waliyemwita 90 Minutes, alikuwa nyota wa ile Gor Mahia iliyomaliza ligi ya 1976 bila kushindwa. Shemeji akajaribu kwa adabu: "Baba, tunazungumzia msimu unaokuja."

"Na mimi nazungumzia huo huo."

Kisha akanigeukia. "Ora," yaani mkwe, "wewe wasemaje?"

Ningeweza kutaja umri. Ningeweza kutaja bao la Kasarani. Lakini katika boma lile bado nadaiwa ng'ombe wawili, na jambo hilo halijatajwa tangu Krismasi, nami sina haraka ya kulisikia. Nikainamisha kichwa. "Thigo, baba. Huyo wa pili anamfuata kwa mbali sana."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuku akaletwa, firigisi ikatua kwenye sahani yake moja kwa moja. Miaka yote niliyokula pale sijasikia mtu akidai orodha ya firigisi ipangwe upya. Mimi nilipata shingo, na nikashukuru.

Nisichokijua ni kwamba shemeji alikuwa amenirekodi.

Jumatatu nikarudi kwa kinyozi. Hakuniuliza msimamo, jambo lililopaswa kunishtua. Aliwasha mashine, akanyoa upande wa kushoto vizuri kabisa, kutoka sikio hadi utosini, kisha akaizima. Akatoa simu mfukoni. Sauti yangu, tena ile ya ukweni iliyojaa unyenyekevu, ikajaa chumba kizima: "Thigo, baba." Akairudia. Wale waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakaomba tena.

"Thigo wa 1976," kinyozi akasema, akitazama kioo na si mimi. "Mwenye kiti changu anampeleka Thigo awe wa kwanza. Mwaka huu."

Nikamwambia amalizie kichwa, tutaongea. Akasema kwanza katoni. Akachukua kalamu, akafuta jina la juu, akaandika Thigo kwa herufi kubwa, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

"Haya," akasema, mashine bado imezimwa. "Huyo wa pili anayemfuata kwa mbali sana ni nani?"