Sifa za Bahasha ya Makaratasi

Milima ya Alpi imekwisha kusifiwa vya kutosha, wala haingoji ushahidi wangu. Ina kadi za posta, ina filamu, ina Wajerumani wanaoipanda kila Jumamosi wakiwa wamevaa ngozi kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Ninayetaka kumtetea leo hana wakili: ni bahasha ya makaratasi ambayo Mtanzania au Mkenya lazima aijaze kabla hajaruhusiwa kupanda mlima huko hata mmoja kwa pikipiki. Watu huitukana bahasha hii. Huiita usumbufu, wengine huiita dharau. Ni kwa sababu hawajakaa nayo wakaijua.

Elimu yake kwanza. Kanuni ya viza ya Schengen inataka uombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, uombe kwa ile utakayoingilia. Kwa anayekwenda Paris kumsalimu shemeji, hilo ni jambo la dakika moja. Kwa mpanda pikipiki wa Alpi ni hesabu ya kidato cha sita. Chukua barabara ya Stelvio, aliyoijenga mhandisi Carlo Donegani kati ya 1820 na 1825: kona kali 48 upande wa Prato, hadi unafika juu, mita 2,757. Hapo juu uko Italia. Ukiteremkia Bormio, bado uko Italia. Lakini kilomita chache tu chini ya kilele kuna njia panda ya Umbrail, na ukiifuata, chakula cha jioni unakilia Uswisi. Kitanda chako cha usiku huo ndicho kinachoamua ubalozi upi ukupe miadi. Basi unamkuta mtu Dodoma, saa tano za usiku, amekunjua ramani mezani anahesabu vitanda: Italia vinne, Uswisi vinne, Austria vitatu. Nani mwingine angemfundisha mipaka ya Ulaya kwa bidii hiyo? Mwalimu wake wa jiografia alijaribu kwa kiboko akashindwa.

Kisha kuna imani. Bahasha inataka ushahidi wa malazi ya safari nzima. Unaujaza mwezi wa Februari, wakati Stelvio imezama kwenye theluji na geti limefungwa, na halifunguliwi mpaka mitambo imalize kuisafisha barabara, kwa kawaida mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni. Col de l'Iseran kule Ufaransa, yenye mita 2,764, nayo ni vivyo hivyo. Lakini wewe, ambaye theluji umeiona kwenye friji, unaandika kwamba tarehe 12 Juni utavuka na kulala upande wa pili, unapiga na sahihi. Manabii wa kale walisema kwa mafumbo. Wewe umeambatanisha na risiti ya hoteli.

Na upole je? Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, na igharamie pia kuurudisha mwili wako nyumbani ukifa. Serikali usiyoijua, ambayo haijawahi hata kukusalimu, tayari inafikiria utakavyozikwa kwenu. Kweli, baadhi ya bima za safari hazimlipi aliyeumia kwenye pikipiki ya zaidi ya cc 125, na hiyo uliyokodi ina cc 900. Yaani umekatiwa bima ya kuteleza bafuni. Lakini karatasi ina muhuri, na karani ameridhika.

Halafu uthibitishe kwamba utarudi: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa. Wanaonung'unika hawajui wanachopewa. Wengine huishi miaka hamsini bila kuombwa hata siku moja kuorodhesha sababu za kurudi nyumbani.

Mwafrika mashuhuri kuliko wote waliowahi kuvuka Alpi ni Hannibal wa Carthage, mwaka 218 kabla ya Kristo, akiwa na tembo 37. Hakuwa na bahasha. Matokeo yake yanajulikana: alipoteza maelfu ya askari kabla hajafika bondeni Italia. Angepeleka maombi, karani angemuuliza atalala wapi usiku wa tisa, tembo wanalipiwa na nani, na huenda vita vile vingeahirishwa hadi leo.

Ukishaingia, usidhani bahasha imeisha kazi. Uswisi inakuuzia stika ya barabara za mwendo kasi kwa faranga 40, na ni ya mwaka mzima tu. Austria hukubali kukuuzia ya siku kumi, hata ya siku moja. Uswisi haisadiki kwamba kuna mtu wa kuipenda kwa wiki moja. Stika inadumu hadi tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata, hivyo umekwisha kurudi Morogoro, unakula embe, na bado pikipiki uliyoirudisha Milan ina haki ya kupita barabara kuu za Zürich. Ufaransa inataka hata glavu zako ziwe na alama ya kuthibitishwa.

Lakini kilele cha yote ni jimbo la Tyrol huko Austria. Tangu 2020, kwenye baadhi ya barabara za wilaya ya Reutte, katika msimu wa pikipiki hadi mwisho wa Oktoba, pikipiki yenye sauti inayozidi desibeli 95 ikiwa imesimama hairuhusiwi kupita. Askari hana haja ya kutega sikio. Anafungua hati ya usajili, anatafuta kipengele U.1, anasoma namba. Ikiwa 96, unageuza, hata kama umekuja taratibu kama bibi harusi. Kijana wa bodaboda pale Kariakoo aliyetoboa ekzosi ili asikike mpaka Ilala hawezi kuliamini hilo: kwamba iko nchi ambako karatasi ndiyo inayopiga kelele.

Bahasha ina kasoro moja, nayo ni ndogo. Ilikuuliza mshahara, ndoa, kiwanja na mazishi yako. Haikukuuliza kama umewahi kuendesha upande wa kulia wa barabara, ambako kona ya kulia ndiyo finyu na inayokuelekeza kwenye ukuta wa jiwe. Hilo utajiuliza mwenyewe.

Basi, wewe unayeitamani Stelvio ya Julai, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ni yuro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Anza na kuhesabu vitanda.